Uruoth Haukuletwa na Reli

Wapo wanaodai, hata hapa Otonglo, kwamba Wajaluo hawakuwa na watawala mpaka reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na sheria ya mwaka uliofuata ikaweka machifu. Kwao ruoth ni chifu wa serikali aliyepewa jina la kwetu. Dai hilo halisimami. Waacholi wana rwot, Waaluri wana rwoth, na Washiluki wa Kodok, kando ya Nile, wana reth. Ndugu hao tuliachana nao karne nyingi kabla ya Mzungu, na kitu kinachokutwa kwa ndugu wote waliogawana nyumba zamani kilitoka kwa baba yao. Wazee wanasema Ramogi, babu yetu, aliupanda mlima wake kule Yimbo akiwa na uruoth wake. Ukitaka kuona cheo cha kuazima, watazame Waslavi: cheo chao cha tsar ni jina la Kaisari wa Roma, Simeoni wa Bulgaria akalitwaa karne ya 10 ili alingane na mfalme wa Konstantinopoli, na Ivan wa Nne akatawazwa nalo Moscow mwaka 1547. Ruoth hakuazima kwa yeyote.

Mtu atauliza mbona hapakuwa na ruoth mmoja wa Wajaluo wote. Hapakuwa naye kwa sababu kila piny, yaani nchi, ilijitawala: ruoth aliketi na jodongo, wazee wake, barazani, na vita vilikuwa na mkuu wake, osumba mrwayi. Udogo wa nchi haumfanyi mtawala wake kuwa wa kubuni. Nakubali kwamba sheria ya 1902 ilimgeuza, maana aliyekuwa akiwajibika kwa wazee sasa aliwajibika kwa D.C., mkuu wa wilaya, na kumkusanyia kodi ya nyumba. Alibadilishiwa bwana; asili yake ilibaki ileile.

Na hata chini ya bwana huyo, nchi ya Gem ilimtoa ruoth Odera Akang'o, ambaye hana mfano katika Nyanza nzima. Mwaka 1915 alipelekwa Kampala, akaona jinsi Waganda walivyoshika elimu, akarudi Yala na kuwalazimisha watu wake kupeleka watoto shule. Walionung'unikia ukali wake ndio ambao wajukuu zao walikuja kuwa walimu na wanasheria. Serikali ikampeleka Teso, ikamshtaki kwa rushwa, naye akafariki mwaka 1919. Baadaye kampasi ya chuo kikuu pale Yala ilipewa jina lake, la D.C. aliyemshtaki halitajwi na mtu.

Ushahidi mzito kuliko wote uko makanisani. Wamisionari waliofika Maseno mwaka 1906 walihitaji jina la kumwitia Bwana, na mpaka leo waumini husali kwa Ruoth Yesu. Kama ruoth angekuwa tu karani wa kodi aliyewekwa miaka minne nyuma, nani angethubutu kumpa Mwokozi cheo hicho?