Mtoto Aliyepewa Kisima Achimbe

Mtu akimwona mwenziwe afanya mambo kinyume cha desturi, hukimbilia kumrudi, asiulize kwanza sababu. Habari za Donald Triplett zatuonyesha faida ya kuuliza.

Donald alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, nchini Marekani. Kabla ya kutimiza miaka miwili aliijua Zaburi ya 23 kwa moyo, lakini baba yake alipoingia nyumbani, hakumtazama. Alipenda kukaa peke yake na kuzungusha vitu sakafuni kama pia. Akizuiwa, hupiga makelele. Mwaka 1937 wazazi walishauriwa kumpeleka katika nyumba ya kutunzia watoto, mbali na kwao. Huko alikaa bila kutikisika, hajali lo lote. Baada ya mwaka mmoja hivi wakaenda kumtwaa.

Baba yake alimwandikia daktari Leo Kanner, wa Baltimore, barua ya kurasa 33 juu ya mwanawe. Mwaka 1943 Kanner alitoa makala mashuhuri juu ya watoto 11, Donald akiwa wa kwanza, akaeleza hali tuiitayo leo usonji.

Wakati huo Donald alikuwa akiishi shambani kwa mkulima mmoja na mkewe, tangu mwaka 1942. Watu hao hawakuwa matabibu, lakini walikuwa na macho ya kuona. Walipomwona apenda kupimapima vitu, walimpa kisima achimbe, awaarifu kina chake. Alipokusanya ndege na wadudu waliokufa, walimtengea mahali pa kuwazika. Alipohesabu mistari ya mahindi tena na tena, walimpa farasi na plau, ahesabu huku akilima. Kanner alipowazuru mwaka 1945, Donald alilima mistari mirefu sita mbele yake, akimgeuza farasi kwa ustadi.

Funzo hilo halikusikika upesi. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi waliwalaumu wazazi, hasa akina mama, ati ubaridi wao ndio uliowadhuru watoto. Dhana hiyo ilikuwa batili. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwenye mwana wa hali hiyo, aliipinga kitabuni. Kisha katika miaka ya 1990 wenye usonji wenyewe wakanena kwa nguvu: akili za wanadamu ni za namna nyingi, wala kutofautiana si kuharibika.

Kwa sauti hizo ikakua tiba isiyotaka kumlazimisha mtu afanane na wengine. Mshauri huuliza: Huyu apenda nini? Nini kinamuumiza? Njia ipi ya kusema ni nyepesi kwake? Kisha huisaidia jamaa yake yote kumwelewa. Si kwamba mtoto huachwa bila mafunzo. Donald alifunzwa kulima, ila alifunzwa kwa kile alichokipenda.

Donald alipata shahada mwaka 1958, akafanya kazi miaka mingi katika benki ya mji wake, akacheza gofu na kusafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023, mwenye umri wa miaka 89. Ni kweli jamaa zake walikuwa na mali, na si kila mtoto ana bahati hiyo. Lakini mkulima yule hakuwa tajiri, na kisima chake hakikuhitaji fedha.

Nawe, msomaji, pengine darasani mwako yuko ahesabuye kitu mchana kutwa. Kabla hujamcheka, muulize ahesabu nini.