Sanduku Lisilochujwa: Historia Fupi ya Ruhusa kwa Mpokeaji

Fikiria umetuma maombi ya ufadhili wa masomo kwa barua pepe. Dakika moja tu, barua inakurudia: seva ya chuo imekuona mtuma spamu. Haya, unamwandikia msimamizi wa seva umweleze kuwa wamekosea. Nayo inarudishwa, na kichujio kilekile. Sasa utalalamika wapi?

Cha kushangaza, jibu lilikuwepo kabla ya vichujio vyenyewe. Agosti 1982, sheria za barua pepe zilipochapishwa kwa majina ya RFC 821 na RFC 822, kila kituo kilitakiwa kiwe na sanduku moja lenye jina lisilobadilika: postmaster, yaani postamasta. Ukikwama, hata kama humjui mtu yeyote pale, unaandika huko.

Kisha spamu ikafurika. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianzisha RBL, orodha ya seva zinazopitisha takataka. Seva yako iliweza kuiuliza orodha hiyo na kumfukuza mgeni akiwa bado mlangoni. Dawa kali! Lakini seva moja hutumiwa na watu wengi, kwa hiyo mtu asiye na kosa aliweza kufungiwa nje pamoja na wakosaji. Mei mwaka huohuo, RFC 2142 ya Dave Crocker iliorodhesha majina ya kawaida ya masanduku, likiwemo abuse, la kupokea malalamiko.

Hapo ndipo ruhusa kwa mpokeaji ilipoonyesha thamani yake. Msimamizi anaandika kanuni: barua inayokwenda postmaster au abuse ipite, nyingine zikaguliwe kwanza. Zingatia mpangilio. Seva husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo ukiiweka ruhusa chini ya orodha ya marufuku, mlalamikaji atakuwa ameshafukuzwa.

Mbona tusimruhusu mtumaji badala yake? Kwa sababu mtumaji hujitaja mwenyewe, na anaweza kudanganya. Sanduku la mpokeaji ni lako, unalijua.

SpamAssassin, programu ya Justin Mason iliyotoka 2001, ilileta upole zaidi. Yenyewe huipa barua alama, na kwa kawaida ikifika 5 huhesabiwa spamu. Ruhusa kwa mpokeaji hupunguza alama kwa viwango vitatu: 6, 20 au 100. Kwa hiyo si lazima mlango ufungwe kabisa au uachwe wazi kabisa.

Ila kuna fundo moja. Katika SMTP, lugha ya seva za barua, kila mpokeaji hutajwa peke yake na hujibiwa peke yake. Lakini maudhui yakishatumwa, jibu ni moja kwa wote. Barua ikienda kwa postamasta na mkuu wa idara kwa pamoja, huwezi kuikataa kwa mmoja na kuipokea kwa mwingine kwa sababu ya kilichoandikwa ndani. Ndiyo maana seva nyingine huipokea kwanza, halafu huchuja kwa kila sanduku. Nyingine humwambia mtumaji, "huyu wa pili mlete baadaye."

Gharama ipo pia: sanduku lisilochujwa hujaa taka, na lazima pawe na mtu wa kuzipekua. Wasimamizi wengine huchoka, wakalifunga. RFC 5321 ya 2008 bado inasisitiza kuwa barua za postamasta zipokelewe kwa kila jitihada, isipokuwa katika hali mbaya sana kama vile mashambulizi.

Basi siku barua yako ikirudishwa bila kosa, jaribu postmaster, kisha alama ya @ na jina la tovuti yao. Na siku wewe ukikabidhiwa seva, kumbuka kuwa kichujio chako kitakosea. Waachie uliowakosea pa kukuambia.