Nyumba ya Ibada ya Shirati: Jinsi Kazi ya Wageni Ilivyokuwa ya Wenyeji

Wazee wetu walisema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii yafaa kuwa mlango wa habari tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu, yaani habari za Wakristo wa Shirati, nchi ya Mara, na jinsi nyumba ya ibada iliyoanzwa na wageni ilivyopata kuwa nyumba ya wenyeji.

Wakristo wa Mara, tangu Morotonga karibu na mji wa Mugumu hata ufuko wa Ziwa la Viktoria, hupenda sana sikukuu za kukumbuka mwanzo wa makanisa yao. Kengele hupigwa, kwaya huimba, chakula hupikwa, na mzee mmoja husimama kusoma miaka na majina. Hiyo ni desturi njema, wala hatuilaumu. Lakini mara nyingi husomwa kwanza majina ya waliotoka ng'ambo, kisha hesabu ya mabati na mifuko ya saruji, na watu hurudi makwao bila kuambiwa lililo kubwa: nyumba hii ilipata kuwa yetu lini, na kwa njia gani? Swali hili ndilo tunalotaka kulijibu kwa mfano wa Shirati, maana huko ndiko Wamennonite wa Tanzania walikoanzia, na makanisa yao mengi madogo ya Tarime na Serengeti yana asili yake huko.

Shirati iko karibu na Ziwa, si mbali na mpaka wa Kenya. Siku hizi ni ya wilaya ya Rorya, lakini kabla ya mwaka 2007 wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Tarime. Wakaao kando ya Ziwa wengi ni Wajaluo. Ukipanda kuelekea Tarime wakuta Wakurya katika nchi yao ya juu. Ukienda upande wa Serengeti wawakuta Wangoreme, Wanata na Waikoma. Na pande za Musoma kuna Wajita, Wakwaya, Wazanaki na wengine. Lugha zao si moja, na desturi zao zatofautiana. Tena Wajaluo na Wakurya walikuwa na ugomvi wa ng'ombe wa siku nyingi, na kila upande ulikuwa na hesabu yake ya waliouawa. Msomaji na alishike neno hili, maana bila hilo hataelewa yatakayofuata.

Injili haikufika Mara mara ya kwanza kwa mikono ya Wamennonite. Mapadre wa Kikatoliki, wale waitwao White Fathers, walianza Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Waadventista wa Sabato nao walikuwa wamekwisha kufika upande huu wa Ziwa kabla ya Vita Kuu ya 1914. Serikali ya Wadachi ilikuwa na boma lake pale pale Shirati. Lakini baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza, na bado palikuwa na vijiji vingi visivyo na shule wala mwalimu.

Sasa tuseme kidogo Wamennonite ni watu gani. Asili yao ni Ulaya. Mwezi wa Januari mwaka 1525, katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, watu wachache walikutana nyumbani mwa mmoja wao wakabatizana, ingawa walikuwa wamebatizwa utotoni. Walisema kwamba ubatizo ni wa mtu aliyeamini mwenyewe kwa akili yake, na ya kuwa serikali haina amri juu ya imani ya mtu. Kwa neno hilo waliteswa vikali. Felix Manz, mmoja wa viongozi wao, alitoswa katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527, akafa maji. Baadaye padre mmoja wa Uholanzi, Menno Simons, akaacha daraja yake mwaka 1536 akawachunga watu hao waliotawanyika, na kwa jina lake wakaitwa Wamennonite. Walikataa kushika silaha. Wengi walihama nchi hata nchi wakitafuta raha, na baadhi yao wakavuka bahari wakakaa Pennsylvania, Marekani, tangu mwaka 1683. Basi waliokuja Shirati walikuwa watoto wa watu waliofukuzwa. Nao wenyewe, walipofika kwetu, walifika kama wageni wenye heshima, chini ya ulinzi wa serikali ya Kizungu. Mambo haya mawili hayakupatana upesi.

Halmashauri yao ya misheni ya Pennsylvania iliwatuma Orie Miller na Elam Stauffer mwishoni mwa mwaka 1933, wakati ambapo biashara ya dunia nzima ilikuwa imeanguka na fedha ilikuwa haba. Walishuka Dar es Salaam mwezi wa Januari 1934. Baada ya kuuliza mashauri wakashika njia ya bara hata nchi ya Mwanza, na huko Emil Sywulka, mmisionari wa Africa Inland Mission, aliyekuwa mwenyeji wa pande zile, akawaonyesha kwamba upande wa mashariki ya Ziwa wahitaji watenda kazi. Wakachagua Shirati, katika kilima kiitwacho Katuru. Miller akarudi kwao, Stauffer akabaki. Mwaka ule ule mkewe Elizabeth akaja, pamoja na John Mosemann na mkewe Ruth.

Kazi ikaenea. Baada ya Shirati wakafungua Bukiroba, Mugango na Bumangi, na mwaka 1940 wakafika Nyabasi, kwa Wakurya wa Tarime. Kila mahali mambo yalikuwa matatu: mahali pa kusali, mahali pa kusoma na mahali pa dawa. Hospitali ya Shirati iliuguza watu wa Ziwani na wa milimani, hata wenye ukoma waliokimbiwa na jamaa zao. Bukiroba ikawa na shule ya Biblia ya kuwafundisha wenyeji kazi ya kuhubiri.

Hata hivyo, nyumba ile ilikuwa bado ya wageni. Mmisionari ndiye aliyebatiza, ndiye aliyetoa meza ya Bwana, ndiye aliyeshika fedha na funguo. Mwenyeji alikuwa mwanafunzi, au mpishi, au fundi, au mwalimu wa kijiji mwenye mshahara mdogo. Wakati mwingine mtu alishika amri za kanisa kwa kuogopa kupoteza kazi, wala si kwa kumpenda Mungu. Twajua hali hii haikuwa ya Shirati peke yake. Ndiyo iliyokuwa desturi ya siku zile katika nchi zilizotawaliwa. Mgeni alikuwa amekwisha kukaa miaka minane, na jembe lilikuwa bado mkononi mwake, lakini shamba aliliita lake.

Ndipo likaja jambo la mwaka 1942. Katika Rwanda na Uganda palikuwa na uamsho ulioanza katika Kanisa la Anglikana. Mwaka 1929, kilimani Namirembe, mji wa Kampala, Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na mganga Mwingereza, Joe Church, walisoma Biblia na kuomba pamoja kama ndugu wawili. Kutoka kwao, na kutoka hospitali ya Gahini, Rwanda, habari ikaenea nchi hata nchi. Mwezi wa Agosti 1942 ikawashika Wakristo wa Shirati. Katika ibada ya Jumapili watu wakaanza kulia na kuungama dhambi zao mbele ya wote. Aliyeiba akasema ameiba, akaenda kurudisha. Aliyemchukia mwenzake akamwendea akataka radhi. Lililo ajabu zaidi, Wazungu nao hawakubaki vitini wakitazama. Wao pia wakaungama kiburi chao, na mashindano yao wenyewe kwa wenyewe, na jinsi walivyojiona bora kuliko wale waliokuja kuwafundisha.

Twamwomba msomaji apime uzito wa jambo hili. Ilikuwa siku za ukoloni, na vita vya pili vya dunia vilikuwa vikali. Mzungu kumwambia Mwafrika, Nimekukosea, unisamehe, lilikuwa neno lisilosikiwa bomani wala shambani wala dukani. Aliyelisikia kwa masikio yake hakuweza tena kumtazama yule Mzungu kama bwana tu, wala yule Mzungu hakuweza tena kumtazama yeye kama boi tu. Kwa maoni yetu, nyumba ya ibada ya Shirati ilianza kuwa ya wenyeji siku ile, kabla karatasi yo yote haijaandikwa.

Lakini tusipambe hadithi. Uamsho ulileta na taabu zake. Katika nchi zote za Afrika Mashariki ulikopita, wale waliojiita waliookoka walipata kuwahukumu wengine kwa ukali, na mtu asiyesimama kushuhudia alihesabiwa kuwa si Mkristo. Wako walioumizwa, na wako walioondoka. Moto upikao chakula waweza pia kuunguza chungu. Ilibidi viongozi wajifunze kuungama bila kujisifu, na kusamehe bila kupekua maisha ya watu.

Tena kuungama hakukuwa mwisho wa kazi, maana toba isiyogeuza mashauri ya nyumba ni maneno matupu. Kanisa lilianza mwaka 1934, lakini wachungaji wa kwanza Waafrika waliwekewa mikono mwaka 1950, nayo ni miaka kumi na sita. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kanisa likawa na mamlaka yake lenyewe. Hata hivyo askofu alikuwa bado mtu wa ng'ambo. Ndipo tarehe 15 Januari 1967 Zedekia Kisare akawekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika, miaka thelathini na mitatu baada ya Stauffer kufika Katuru.

Kisare alikuwa Mjaluo wa pande zile zile za Shirati, aliyewajua wamisionari tangu siku za kwanza, akapita katika uamsho ule wa 1942. Alieleza maisha yake katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1984. Lakini kuchaguliwa kwa askofu mwenyeji hakukuwa jambo jepesi. Zamani watu waliuliza, Mzungu au Mwafrika? Sasa wakauliza, Mjaluo, au Mkurya, au Mjita? Huo ndio ugomvi wa kale tuliokwisha kuutaja, nao uliingia kanisani ukavaa nguo za Jumapili. Mwaka 1979 dayosisi ikagawanywa mbili: Kisare akabaki na Mara Kaskazini, na Hezekia Sarya akawa askofu wa Mara Kusini. Wengine waliona ni ukuaji, wengine waliona ni kutengana. Sisi twaona yote mawili yalikuwamo.

Katika taabu hiyo Wamennonite walikuwa na dawa moja, nayo ni desturi ya kutawadhana miguu, kama Bwana Yesu alivyofanya usiku wa kusalitiwa. Mtu huinama akaosha miguu ya mwenzake, kisha mwenzake naye huinama. Mgeni aweza kuidhani kuwa ibada ndogo ya wazee. Lakini mweke Mjaluo mbele ya beseni, na Mkurya kitini. Huyu jamaa yake waliibiwa ng'ombe, na yule jamaa yake waliuawa kwa mkuki katika kuwafuata. Maji yale si maji tu. Na anayejua historia ya nchi hii atakubali kwamba kuinama hapo kwahitaji ushujaa kuliko kwenda vitani.

Leo kazi ile iliyoanzia Katuru imefika mbali. Hospitali ya Shirati ingaliko, nayo ina chuo cha wauguzi. Mugumu pia kuna hospitali ya Wamennonite yenye jina la Mwalimu Nyerere. Dayosisi zimekuwa nyingi, wala hakuna tena anayeuliza kama Mwafrika aweza kuwa askofu. Miaka tisini ya kanisa ilitimia mwaka 2024. Miaka mia itatimia mwaka 2034.

Basi twawasihi ndugu zetu wa makanisa madogo, wa Morotonga na wa kila kilima cha Mara, wasingoje mwaka ule ufike ndipo waanze kutafuta habari. Wakaandike sasa. Wawaandike wamisionari, maana walitoka mbali na wengine waliteseka. Lakini wawaandike pia wale waliochukua mawe na maji kichwani, na wanawake waliofundisha watoto kuimba, na waalimu wa vijijini waliotembea kwa miguu kutoka kituo hata kituo. Zaidi ya hayo wakaulize wazee: Nani alipatanishwa na nani katika nyumba hii? Kanisa lisiloweza kujibu swali hilo lina jengo tu, hata likiwa na miaka mia. Na kanisa liwezalo kulijibu, hata kama kuta zake ni za udongo na paa lake ni nyasi, lina historia ya kusherehekewa.

Mgeni amekwisha kupewa jembe, naye amelima. Shamba sasa ni la wenyeji, na magugu yake nayo ni ya wenyeji.