Klachi na Mkono wa Kushoto

Baba mdogo wangu alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto kabla sijazaliwa. Kamba ya mashua, usiku wa omena, nje kidogo ya Mbita. Nasema hili mapema kwa sababu historia ya pikipiki huku Homa Bay na Migori nimeijua kupitia mkono huo.

Pikipiki ya kwanza aliyoendesha ilikuwa Honda 50 ya mwalimu mmoja mstaafu. Wazee wa kwetu wanaikumbuka: ngao nyeupe ya plastiki mbele ya miguu, sauti kama cherehani. Ilikuwa na gia tatu, lakini haikuwa na klachi ya mkono. Unakanyaga pedali ya gia, klachi inajiachia yenyewe ndani ya injini; ukiinua mguu, inashika. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma. Mkono wa kushoto hauna kazi. Honda walianza kuuza aina hiyo mwaka 1958 kwa jina la Super Cub, na inasemekana waliitaka iendeshwe kwa mkono mmoja ili vijana wa kupeleka tambi huko Japani wabebe trei kwa mkono wa pili. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Baba mdogo hakujua habari za tambi. Alijua tu kwamba hii mashine haimuulizi vidole viko wapi.

Enzi hizo kubeba watu kwa malipo ilikuwa kazi ya baiskeli. Boda boda ilianzia mpakani, Busia, miaka ya 1960, ikasambaa hadi kwetu, ambako baiskeli ni ndiga na pikipiki ni apiko. Apiko ilikuwa ya mwalimu, ya padri, ya afisa wa kilimo.

Halafu mambo yakageuka ghafla. Kufikia 2008 serikali ilikuwa imeondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na za Kichina na Kihindi zikamwagika. Mfalme akawa Boxer, uzao wa ushirikiano wa Bajaj ya India na Kawasaki ya Japani, TVS ikiifuata nyuma. Gia nne au tano, na klachi ya mkono. Mkono wa kushoto. Honda ya mwalimu ikaishia nyuma ya jikoni, kuku wakawa wanataga kwenye kiti.

Siilaumu Boxer. Mtu wa Nairobi huniuliza mbona huku hatukuchukua skuta za otomatiki, zile za kukaza mafuta na kwenda. Ndugu yangu, umewahi kuona udongo mweusi wa Ndhiwa baada ya mvua? Tairi ndogo inazama, na mkanda unaoendesha skuta hauna mapenzi na vumbi wala matope. Nenda Macalder uone kijana anavyobeba magunia ya mawe ya dhahabu hadi kwenye mashine ya kusaga. Mlimani anashika nusu klachi, injini inanguruma, tairi inasogea inchi kwa inchi. Kwenye mteremko anarudi gia ya chini na injini yenyewe inamzuia. Huo ni ufundi, na nilijifunza huko Migori wakati wa likizo, nikizimisha injini mara ishirini huku binamu yangu akipiga kelele, "Omera, achilia pole pole!"

Baba mdogo naye alijaribu. Fundi alimkunjia mkono wa klachi uwe karibu na usukani, akausukuma kwa kidole gumba na kile kidole kimoja kilichobaki. Alifika safari ya nne. Jioni kiganja kilikuwa kimevimba, akarudi kushona nyavu. Hakuna aliyemfukuza steji, na hakuna aliyegundua kwamba kazi mpya ya kijiji kizima ilikuwa imeandikiwa watu wenye mikono miwili mizima.

Sasa zimekuja za umeme. WeTu, ambao vituo vyao vya sola kando ya Ziwa vilichaji taa za wavuvi wa omena, walileta pikipiki za umeme Mbita pamoja na Opibus, kampuni ya Nairobi iliyojiita Roam kuanzia 2022. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu tairi ikiwa imesimama, kwa hiyo haihitaji gia, na bila gia klachi ni ya nini?

Mafundi wa chini ya mti hawajafurahi, na nawaelewa. Klachi pleti zikiisha, unanunua nyingine dukani Rodi na kufikia mchana uko barabarani. Betri ni ya kukodisha, imefungwa, na aliyekukodisha ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi bado ningenunua Boxer.

Lakini nilimpeleka baba mdogo akajaribu moja ya rafiki yangu. Mimi nilitangulia, na mita mia za kwanza vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vikitafuta klachi ambayo haipo. Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akapanda, akauliza mafuta yanakazwa upande gani, akaondoka bila kishindo kuelekea daraja la Rusinga. Tulimngoja karibu saa nzima.

Aliporudi, swali lake lilikuwa moja: betri ikiisha nikiwa Nyandiwa saa mbili usiku, nampigia nani?