Kiingereza cha Kampala: Maneno yanayowatatiza wasemaji wa Kiswahili

Mgeni atokaye Goma, Kigoma au Mombasa hufika Kampala akiwa na Kiingereza chake cha darasani, akiamini kwamba kitamtosha. Siku ya kwanza, ndani ya gari la abiria, jirani yake humwambia "extend". Hubaki ameduwaa, kwa kuwa mwalimu alimfundisha kwamba neno hilo maana yake ni kurefusha. Jirani anamwomba tu asogee, ili naye apate mahali pa kuketi.

Kutoelewana kwa namna hiyo mara nyingi huishia kwa kicheko. Lakini kwa mkimbizi aliye mbele ya daktari, kwa mpangaji anayejadiliana kodi au kwa kijana anayetafuta kazi, neno moja likieleweka vibaya laweza kumgharimu fedha, afya au heshima. Makala haya yanaeleza baadhi ya maneno hayo, asili yake, na namna msemaji wa Kiswahili anavyoweza kuyang'amua.

Asili yake

Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda tangu uhuru wa mwaka 1962. Hata hivyo, watu wengi hukipata baada ya lugha ya mama, na katika mji wa Kampala lugha inayotawala mitaani ni Kiganda. Mzungumzaji hufikiri kwa Kiganda, kisha hutamka kwa Kiingereza. Wenyeji wenyewe huiita lugha hiyo "Uglish", na mwaka 2014 mwandishi Bernard Sabiiti alichapisha kamusi yake.

Jambo hili si la Uganda pekee. Aliyesoma Kiingereza cha vitabuni akifika Glasgow, huko Scotland, huambiwa kwamba "wee" ni kidogo, na "outwith" ni nje ya kitu fulani. Anayekwenda kuchukua "messages" hafuati ujumbe wowote, bali anakwenda dukani kununua mahitaji ya nyumbani. Kila jamii huipokea lugha na kuipa sura yake.

Salamu na utu

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapokuwa na nafuu kuliko mgeni atokaye Ulaya, kwani Kiganda na Kiswahili ni lugha za Kibantu na taswira zake nyingi ni zilezile.

Ukiambiwa "you are lost", usidhani kwamba umepotea njia. Ni lile neno letu, "umepotea" au "umeadimika". Ukikutwa kazini, mtu asiyekujua atakuambia "well done" hata kama kazi haijakwisha. Anakusalimu kwa desturi ya Kiganda ya "gyebale ko", ambayo kwetu iko karibu na "pole na kazi".

Neno "sorry" ndilo linaloleta shida zaidi. Katika Kiingereza cha vitabuni laweza kuwa la kuomba radhi au la kuonyesha huruma. Kampala huelemea huruma: ukijikwaa, mpita njia aliye ng'ambo ya barabara atakuambia "sorry", ingawa hana hatia yoyote. Anasema pole, hasemi samahani. Asiyejua hilo huweza kumshuku mtu aliyemhurumia tu kwamba ndiye aliyemkosea.

Vivyo hivyo, "first wait" ni "ngoja kwanza". "They ate the money" ni "walikula fedha". "Escort me" ni "nisindikize", na haina maana ya ulinzi wala msafara wa kiongozi. Anayeinuka na kusema "I'm coming" huku akiondoka hakudanganyi. Anasema "nakuja", kama tusemavyo sisi, akimaanisha kwamba atarudi baada ya muda mfupi.

Njiani

Kampala, "taxi" ni gari dogo la abiria wengi, lile ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania daladala. Gari la kukodi peke yako huitwa "special hire", na nauli yake ni kubwa zaidi. Mgeni anayekosea kati ya hayo mawili hulijua kosa lake wakati wa kulipa. Kituo ni "stage", na ukitaka kona fulani utaambiwa "branch" hapo, yaani kata kona. Fedha anayokurudishia kondakta ni "balance", nayo ni chenji yako. Haina uhusiano na mizani. Bodaboda haihitaji maelezo, ila wengi hawajui kwamba jina lake linatokana na neno la Kiingereza la mpaka, na historia yake inaelekea Busia, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda.

Mezani

Katika mkahawa wa kawaida utaulizwa juu ya "food" na "sauce". "Food" ni matoke, wali, mihogo, viazi na vinginevyo vya kushibisha. "Sauce" ni kitoweo, na mara nyingi ndicho kinachopangiwa bei. "Irish" ni viazi mviringo. "Rolex" haiko mkononi mwa tajiri: ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, na huuzwa kando ya barabara. "African tea" ni chai iliyopikwa kwa maziwa.

Jihadhari na neno lenye sura ya Kiswahili. "Posho" ya Kampala ni ugali. Asili yake ni mgao wa unga waliopewa wafanyakazi, mgao ambao kwa Mtanzania umegeuka kuwa fedha za kikao au za safari.

Nyumba na zahanati

Anayetafuta chumba ataulizwa kama anataka "single", chumba kimoja, au "double", vyumba viwili. Chumba kilicho "self-contained" kina choo na bafu lake. Wenyeji pia huita chumba cha kupanga "muzigo". Usifikiri kwamba unaulizwa juu ya mabegi yako.

Katika zahanati, "flu" mara nyingi ni mafua ya kawaida, na "pressure" ni presha. "Short call" na "long call" ni tafsida za haja ndogo na haja kubwa, wala hazihusu simu. Jambo lenye utata zaidi ni "fever": kama "homa" ya Kiswahili, laweza kuwa joto la mwili au malaria. Ni salama zaidi kumweleza daktari dalili zenyewe: kichwa, baridi, kutapika, na zilianza lini.

Sherehe

Ukialikwa kwenye "introduction", hakuna kitabu kinachozinduliwa. Ni kwanjula, sherehe ambayo binti humtambulisha mchumba kwa wazazi wake. Wanaume huvaa kanzu, wawe Waislamu au Wakristo, na wanawake huvaa gomesi.

Matamshi

Katika maandishi ya Kiganda, herufi "r" hufuata "e" na "i" tu. Kwingineko huandikwa "l". Mazoea hayo huingia katika Kiingereza, na sauti hizo mbili hubadilishana nafasi. Ukisikia "lice", ambayo vitabuni ni chawa, tazama kwanza sahani iliyo mbele yako. Huenda unapewa wali.

Je, ni makosa?

Wapo walimu wanaoyakataa maneno haya, na wana hoja: mtihani, barua ya kazi na shauri la mahakamani huhitaji Kiingereza sanifu. Anayeandika "dirten" akimaanisha kuchafua, kwa kuiga muundo wa "shorten", atakatwa alama. Lakini lugha inayowawezesha watu wa makabila mengi kuuziana, kupatana na kupeana pole haiwezi kuitwa upungufu tu. Kampala imelijua swali hili kwa muda mrefu. Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza, miongoni mwao Chinua Achebe na Ngũgĩ wa Thiong'o, walikutana Makerere, na suala la fasihi ya Kiafrika na lugha yake likajadiliwa.

Kiswahili nacho kina nafasi yake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya lugha rasmi. Hata hivyo, mpaka kitakapozoeleka sokoni na ofisini, msemaji wake atahitaji kukielewa Kiingereza cha mtaa.

Njia ya salama ni kuuliza. Tanguliza "ssebo" kwa mwanamume au "nyabo" kwa mwanamke, kisha omba ufafanuliwe kabla ya kulipa, kutia saini au kumeza dawa. Kuuliza si ujinga, na mara nyingi utakuta kwamba neno lililokushangaza ni la nyumbani kwenu, limevaa tu nguo ya Kiingereza.