Tezi Ifanyayo Kazi Usiku

Chini ya ubongo wa mwanadamu kuna tezi moja ndogo, ambayo ukubwa wake haupiti punje ya njegere. Waganga wa kale wa Ulaya waliidharau, wakidhani kazi yake ni kuchuja kamasi za ubongo tu. Mwaka 1921, huko California, Herbert Evans na Joseph Long waliwapiga panya sindano za maji yaliyokamuliwa katika tezi za ng'ombe, na panya wale wakakua kupita kiasi. Hivyo ikajulikana kwamba humo mna kitu kiukuzacho mwili. Leo chaitwa homoni ya ukuaji, na mtoto aliyepungukiwa nayo hubaki mfupi.

Lakini tezi hiyo huimwaga homoni yake saa ngapi? Madaktari walipopima damu ya mchana, mara nyingi waliikuta kidogo mno, hata kwa watu wenye afya njema. Jibu lilipatikana St. Louis, Marekani, mwaka 1968. Takahashi, Kipnis na Daughaday waliwalaza watu wanane, wakawa wakiwatoa damu usiku kucha kwa mpira mwembamba uliotiwa mshipani, huku mitambo ikiandika mawimbi ya ubongo wao. Kwa watu saba kati ya wanane, homoni ilipanda ghafla mara walipozama katika usingizi mzito wa kwanza. Waliocheleweshwa kulala, homoni yao nayo ilichelewa; na walioamshwa kwa saa mbili tatu kisha wakaachwa walale tena, ilipanda mara ya pili. Tezi ile, basi, haikuwa ikifuata saa ya ukutani. Ilikuwa ikingoja usingizi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, madaktari Powell, Brasel na Blizzard wa Baltimore walikuwa wametoa habari za watoto 13 waliowashangaza. Watoto hao walikuwa wafupi mno kwa umri wao, na wengi wao walipopimwa walionekana kama kwamba tezi yao imekufa. Tena walikuwa na mienendo ya ajabu: waliiba chakula, walikunywa maji popote walipoyaona, hata chooni, na usiku, badala ya kulala, walirandaranda nyumbani. Nyumba zenyewe hazikuwa na amani. Walipoondolewa huko na kutunzwa mahali pengine, walianza kukua upesi pasipo kupewa homoni yoyote. Tezi haikuwa imekufa hata kidogo.

Mwaka 1973 Wolff na Money walichunguza usingizi wa watoto wa namna hiyo, wakaona kwamba nyakati za kulala vibaya ndizo zilizokuwa nyakati za kudumaa, na nyakati za kulala vyema ndizo zilizokuwa nyakati za kukua. Wako wanaolitwaa jambo hili na kusema kwamba kukosa usingizi peke yake ndiko kulikowadumaza. Mimi naona wanaharakisha. Mtoto mwenye hofu hupungukiwa na mengi kwa pamoja, na usingizi ni moja tu kati ya hayo. Wala mwanafunzi akeshaye usiku mmoja kwa ajili ya mtihani asidhani kwamba atakuwa mfupi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo kutambua tofauti ile kulikuwa jambo la kufa na kupona. Tangu Maurice Raben wa Boston alipotangaza mwaka 1958 kwamba amemkuza kijana kwa homoni ya binadamu, dawa hiyo ilikuwa ikitolewa katika tezi za maiti. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya waliodungwa wamepatwa na ugonjwa wa ubongo usio na tiba, nao wakafa. Matumizi yake yakasimamishwa huko Marekani na Uingereza, na mwaka huohuo homoni iliyotengenezwa katika maabara ikaruhusiwa Marekani. Mtoto aliyedumazwa na nyumba yake, kama angalidungwa ile ya kwanza, angalitiwa hatarini kwa dawa asiyoihitaji.

Siku hizi daktari mwangalifu, aletewapo mtoto asiyekua, huuliza pia jinsi anavyolala. Wengine hukoroma na kukatikiwa pumzi usiku kwa sababu ya mafindofindo makubwa. Na mara nyingi, yakisha kukatwa, mtoto hulala vizuri, na kimo chake huanza kuongezeka.