Paka Watano wa Kisiwa cha Marion

Mwezi wa Disemba 1947, Afrika Kusini ilikitwaa kisiwa cha Marion, kilichoko kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, takriban kilomita 2,000 kutoka Cape Town, na punde ikajenga huko kituo cha hali ya hewa. Kisiwa kilikuwa hakina wenyeji. Panya wadogo waliokwisha kufika na meli za wawinda sili katika karne ya 19 waliwakera watumishi wa kituo, na ilipofika mwaka 1949 paka watano walikuwa wameletwa ili wawapunguze.

Waliowaleta walijua paka hula nini. Namna anavyozaa na anavyogawana ardhi hawakuiuliza.

Paka jike hapotezi msimu. Mayai yake hayapevuki hovyo, bali hupevuka baada ya kupandwa. Na kwa kuwa hupandwa na madume kadhaa, watoto wa tumbo moja huweza kuwa na baba mbalimbali. Hubeba mimba kwa miezi miwili na siku chache, na huko Marion alizaa wanne, pengine watano. Joto lake la uzazi huamshwa na urefu wa mchana. Karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hulingana, paka huzaa mwaka mzima. Marion alizaa kiangazi, nao ndio wakati ndege wa bahari walipokuwa wamejaa mashimoni mwao wakilea makinda. Chakula na uzazi vilikutana.

Watu hudhani himaya ya paka ni kazi ya paka shume, kwa vile ndiye anayenyunyiza mkojo ukutani na kupiga kelele usiku. Kwa kweli, mpaka wa kwanza huwekwa na jike: yeye hufuata chakula na maficho, dume humfuata yeye. Palipo na chakula kingi mahali pamoja, majike wa ukoo mmoja hukaa pamoja na hata kunyonyeshana watoto, jambo ambalo si geni kwa aliyetazama paka wa Lamu kwenye mabaki ya samaki. Marion chakula kilitapakaa kisiwa kizima chini ya ardhi, kwa hiyo paka nao wakatapakaa. Kijana aliyefukuzwa katika eneo moja alikuta mashimo mengine mbele yake.

Mwaka 1975 walikadiriwa kuwa 2,139. Miaka miwili baadaye, kiasi cha 3,400. Ndege waliouawa kwa mwaka mmoja walihesabiwa kufikia 455,000. Kisiwa jirani cha Prince Edward, ambacho hakikupelekewa paka hata mmoja, kilibaki na ndege wake.

Mwaka 1977 paka wa Marion waliambukizwa kwa makusudi kirusi cha ugonjwa mkali wa matumbo na damu. Ilikuwa dawa ya kikatili, na haikutosha. Hadi 1982 walibaki kama 615, lakini waliosalia walikuwa wamejijengea kinga, na kila aliyekufa aliwaachia nafasi na riziki. Kuanzia 1986 wakawindwa usiku kwa taa na bunduki, kisha kwa mitego. Wa mwisho alipatikana mwaka 1991. Hivyo, kosa lililotendwa kwa paka watano lilihitaji miaka kumi na minne ya mauaji, na ni dhuluma kuiita hadithi hii ukorofi wa paka.

Panya, ambao kwa ajili yao yote hayo yalianzishwa, hawakuondoka. Mwaka 2003 palionekana makinda ya albatrosi yenye vidonda. Ndege huyo, ambaye hakuumbwa kumwogopa mnyama wa nchi kavu, hukaa kimya kiotani huku panya wakimtafuna usiku kucha.